Hadithi Hugeukia Wapi?

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa Arua na Koboko



Nianze na mtu aliyekula watoto wake. Wengi wenu mmelelewa na hadithi hii, kwa hiyo mnivumilie nikiisimulia kwa ufupi, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo huku kwetu ilijulikana kambini na gulioni miaka mingi kabla ya Baraza la Mawaziri kuamua, Julai 2022, kwamba ifundishwe kwa lazima shuleni. Dribidu aliishi ng'ambo ya mashariki ya mto Nile. Mwili wake ulijaa manyoya, na alikuwa akila watoto wake mwenyewe, mpaka siku alipogunduliwa akafukuzwa. Akavuka mto, akaja upande wetu, akafika mlima Eti, ule ambao kwenye ramani umeandikwa Wati. Huku akakutana na mwanamke mwenye ukoma, mwanamke aliyekuwa na moto. Dribidu akamtibu kwa dawa zake, mwanamke akapona, wakazaa mtoto. Ndugu za mwanamke wakaja juu, ugomvi ukazuka, na mwisho wake mambo yakamalizwa kwa mahari. Kutoka hapo, wasema wazee, zikaanza koo, ndoa, na utaratibu wa kupatana baada ya kupigana. Mwenzake Jaki, babu mwingine wa masimulizi hayo, ana mkasa unaofanana na huo. Yeye alifia mlima Liru, kule Koboko.

John Middleton, Mwingereza aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliyasikia masimulizi haya akayaandika. Lakini kila ukoo una namna yake ya kuyasimulia, na Wakakwa wana yao. Sitafuti ugomvi na mzee yeyote humu ndani.

Swali langu ni hili: hadithi hiyo inageuka wapi? Nimezoea kuwauliza wanafunzi, na karibu wote hujibu bila kufikiri sana: alipofukuzwa. Jibu hilo linaeleweka, kwa sababu kufukuzwa ndiko kunakopiga kelele. Ila mtazameni Dribidu anavyovuka mto. Ni yuleyule, na manyoya yake yaleyale, na hakuna anayetuambia kwamba alijuta. Kufukuzwa kumembadilishia makazi tu. Hadithi inageuka pale anapoitoa dawa, ambayo bila shaka alikuwa nayo siku zote, akamtibu mtu ambaye wengine walimtenga. Baada ya hapo hatuwezi tena kusimulia habari zake kwa namna ileile ya mwanzo. Mla watoto amekuwa babu wa watu.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba pigo na mgeuko ni vitu viwili tofauti. Pigo tunalijua kwa tarehe yake. Mgeuko huja baadaye, wakati mwingine hata kabla, na mara nyingi ndani yake yumo mtu wa pili. Shuleni tumevichanganya vitu hivi viwili, na mchanganyo huo unawagharimu watoto wetu. Basi, neno lenyewe nimeshalisema. Muda uliobaki nitautumia kulipima.

Tuanze na siku ya matokeo. Mtoto wa P.7 hufanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwezi wa Novemba, masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na masomo ya jamii. Kila somo hupewa daraja kuanzia 1, ambalo ndilo bora, hadi 9. Yakijumlishwa, aliyefanya vizuri kabisa ana 4, na aliyeshindwa kabisa ana 36. Mpaka 12 ni divisheni ya kwanza. Matokeo hutoka baada ya mwaka mpya, vumbi la kiangazi likiwa limejaa kila mahali, na mtoto hupewa tarakimu zake. Tarakimu hizo ndizo zote anazopata. Karatasi aliyoandika hairudi. Hatajua ni swali lipi lililomwangusha, wala kama alikosa kwa kutojua au kwa kutosoma maelekezo. Baraza la Mitihani, UNEB, lina sababu zake za kufanya hivyo, na kwa wingi wa watahiniwa wa nchi nzima siwezi kulilaumu sana. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto anabaki na pigo tupu. Akirudia darasa, anarudia mwaka mzima kwa ajili ya kosa ambalo hajawahi kuliona kwa macho.

Wataalamu wa fasihi wana maneno yao kwa jambo hili. Aristotle, katika kitabu chake cha ushairi, alitenganisha kugeuka kwa mambo na kutambua, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Akasema hadithi iliyo bora ni ile ambayo viwili hivyo vinatokea pamoja, na mfano wake ni mfalme Oedipus wa Sophocles: mjumbe anakuja na habari ya kumtuliza, na habari hiyohiyo inamfunulia mfalme kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemuua baba yake. Angalieni kwamba mauaji yalishatokea zamani. Hayamo hata jukwaani. Kinachogeuza mchezo ni kujua.

Wala hatuhitaji kwenda Ugiriki. Pwani wana Fumo Liongo, shujaa aliyefungwa gerezani. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi walikuwa wakila vile vizuri na kumwachia vibaya. Mama akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau mkate wa pumba, ukamfikia mfungwa, akakata minyororo. Mwulizeni mwanafunzi hadithi inageuka wapi, atasema gerezani. Mimi nasema jikoni, kwa mama, pale anapokumbuka kwamba walinzi hawali wishwa.

Sasa niingie kwenye mfano ambao nataka tukae nao, kwa sababu ni wa jirani yetu wa Gulu na kwa sababu husimuliwa vibaya. Okot p'Bitek alizaliwa 1931. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira ya Uganda, na timu iliporudi yeye akabaki kusoma: ualimu huko Bristol, sheria huko Aberystwyth, kisha anthropolojia huko Oxford. Mwaka 1970 Oxford ilimkatalia tasnifu yake ya udaktari. Mtu mzima wa umri wa karibu miaka arobaini, mwenye jina tayari, anafelishwa. Wasimulizi wanaopenda kutia watu moyo hulichukua tukio hilo na kusema: tazameni, alifeli Oxford lakini akawa mwandishi mkubwa.

Hesabu ya miaka inawakatalia. Song of Lawino, shairi lake refu, ilitoka 1966, miaka minne kabla ya tasnifu kukataliwa, na baadaye Paul Sozigwa akaitafsiri kwa Kiswahili. Okot alikuwa mwandishi mkubwa siku ile Oxford ilipomfelisha. Kwa hiyo kufeli hakukumfanya chochote cha aina hiyo. Mgeuko wenyewe ameutaja yeye mwenyewe katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi. Anasema katika mhadhara wa kwanza kabisa aliohudhuria pale Oxford, mwalimu alikuwa akiwataja Waafrika na watu wengine kwa majina ya dharau, washenzi na mengineyo ya aina hiyo. Alilalamika, lakini hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo, kwa jinsi ninavyomsoma, mwanafunzi aliyekwenda kujifunza namna wasomi wanavyowaeleza watu wake alipoanza kuwahoji wasomi wenyewe. Miaka kumi ya kazi ilitokana na kiti kile cha mhadhara wa kwanza. Kukataliwa kwa tasnifu kulikuja mwishoni, kama bili. Na kazi yake juu ya dini ya Waluo wa kati ilichapishwa Afrika Mashariki mwaka 1971, Oxford itake isitake.

Kuna jambo moja ndani ya kisa hiki ambalo watu hulipita. Okot angeweza kukaa kimya katika mhadhara ule na huenda angepita vizuri. Mgeuko wa maisha yake na pigo lake ni ndugu wa tumbo moja: kilichomfanya aandike alichoandika ndicho pia kilichomweka pabaya na waliomtahini. Kwa hiyo mwanafunzi akija kwangu na habari ya kushindwa, siku hizi sianzi na "umejifunza nini?" Naanza na "kabla ya hapo ulikuwa ukifanya nini?" Mara nyingine jibu ni kwamba alikuwa akicheza. Mara nyingine ni kwamba alikuwa akiuza mandazi gulioni ili apate ada ya mtihani. Hizo ni hadithi mbili, na haziwezi kupewa dawa moja.

Nishuke sasa kutoka Oxford hadi P.4, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia. Mwalimu anasahihisha daftari la hesabu za kutoa. 58 kutoa 23, mtoto ameandika 35: sahihi. 62 kutoa 37, ameandika 35 tena: kosa. 81 kutoa 46, ameandika 45: kosa. 503 kutoa 278, ameandika 375: kosa kubwa. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja darasani anatia mikasi mitatu myekundu na tiki moja, anaandika moja juu ya nne, anafunika daftari. Mtoto anasoma hapo kwamba hajui hesabu.

Lakini tazameni tena. Katika 62 kutoa 37, mtoto ameona 2 na 7, akatoa ndogo katika kubwa, akapata 5. Kisha 6 kutoa 3, akapata 3. Katika 503 kutoa 278 amefanya vilevile: 3 na 8 akapata 5, 0 na 7 akapata 7, 5 na 2 akapata 3. Hakubahatisha hata mara moja. Ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyofuata zetu. Kanuni hiyo aliipata wapi? Pengine P.2, siku mwalimu aliposema kwa nia njema kabisa kwamba kubwa haitoki katika ndogo. Kwa hesabu za siku ile ilikuwa kweli, na ilimpatia tiki. Ndiyo maana 58 kutoa 23 ameipata: kanuni mbovu hutoa majibu sahihi mara nyingi kiasi cha kujificha. Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, waliandika juu ya makosa ya namna hii mwaka 1978, wakaonyesha kwamba mengi yana mantiki yake na yanaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Basi mtoto huyu alianguka P.4, lakini mgeuko wake wa kwanza, ule mbaya, uko P.2, na hakuna aliyeuona kwa sababu siku ile alishangiliwa. Mgeuko wa pili, ule mzuri, unaweza kutokea leo mchana ikiwa mtu ataketi naye na kumwambia: hebu nifanyie hii huku ukisema kwa sauti. Kumfanya arudie darasa hakutamsaidia, kwa kuwa ataisoma tena ile mada akiwa na kanuni ileile kichwani.

Niseme wazi jambo linalonikera. Kuna usemi unaozunguka kwenye mahafali yetu kwamba kufeli ni mwalimu. Kufeli hakujawahi kufundisha mtu. Kufeli kunaumiza, kunatia aibu, na kwa msichana wa miaka kumi na minne mara nyingi kunamaanisha kuolewa. Kinachofundisha ni kurudi kwenye karatasi pamoja na mtu anayejua kusoma makosa. Mzungumzaji anayesimama mbele ya wanafunzi na kusema "nilifeli mara tatu na leo nina gari" amekata kipande kizima cha hadithi: hatuambii nani alimlipia mara ya nne.

Na kuna mapigo ambayo si haki kumtaka mtu ajifunze chochote kutokana nayo. Wazee wa West Nile mnanielewa. Baada ya Amin kuangushwa Aprili 1979, na hasa vita vilipotufikia Oktoba 1980, shule zetu zilifungwa na watu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi misheni ya Ombaci waliuawa na wanajeshi. Aliyekuwa S.3 mwaka ule alikwenda kuwa mkulima wa muhogo huko Yei, au alianza upya kwa Kifaransa upande wa Aru. Wengi walirudi kuanzia 1986, wakiwa watu wazima. Kumwuliza mtu kama huyo amejifunza nini kutokana na kushindwa kwake shuleni ni matusi. Hakushindwa, nchi ndiyo iliyomshindwa.

Hata hivyo nimewasikiliza watu wa kizazi hicho, na kuna jambo nimelibaini katika masimulizi yao. Wakisimulia kwa haraka, kwa mgeni, hadithi inageuka kwenye maneno "halafu tukakimbia." Wakikaa wakasimulia kwa utulivu, kukimbia kunapita kwa sentensi mbili tatu, na wanatua mahali pengine kabisa: kwa mtu fulani, mkimbizi kama wao, aliyekusanya watoto chini ya mti akaanza kuwafundisha bila mshahara. Wanakumbuka ubao ulitengenezwa kwa mbao gani. Wanakumbuka chaki ilitoka wapi.

Leo njia zilezile zinapitika kwa upande wa pili. Tangu Julai 2016, mapigano yalipozuka tena Juba, Sudan Kusini imetuletea watoto kwa maelfu kupitia Oraba na kwingineko. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yalifunguliwa Agosti mwaka huohuo, na yale ya Lobule, Koboko, yalikuwa tayari yanawahifadhi Wakongo. Hapa kwetu kuna kichekesho ambacho ramani inakieleza vizuri. Kule Salia Musala, zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, unaweza kusimama mahali ambapo shule ya msingi ni ya miaka sita upande mmoja, saba upande wa pili, na minane upande wa tatu. Kijana anafika akisema yuko P.8. Sisi hatuna P.8. Cheti hana, kimeungua. Anapimwa kwa Kiingereza, ambacho hakukitumia sana, kisha anawekwa P.5 katikati ya watoto wanaomfika kifuani.

Pigo hilo ni la utaratibu tu. Akili yake haijaguswa na chochote. Kuna mpango wa elimu ya haraka katika makazi ya wakimbizi, ambao unaikunja miaka saba ya msingi katika ngazi tatu, na kwa wengi umekuwa mlango wa kurudi. Ila nawaomba walimu mnaopokea vijana hawa mwaambie kwa maneno, siku ya kwanza, kwa nini wamewekwa darasa lile. Mtoto asipoambiwa sababu, hujitungia mwenyewe, na sababu anayojitungia karibu kila mara ni kwamba yeye ni mjinga. Tulipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona na kuzifungua zote Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baadaye, watoto wetu nao walijitungia sababu za namna hiyo, na wapo ambao hawakurudi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunibana kwa swali zuri: kama mgeuko huchaguliwa na msimulizi, si kila mtu atachagua unaompendeza? Ndiyo, wapo wanaofanya hivyo, na wanasiasa wanaongoza. Kipimo ninachotumia ni chepesi. Ondoa tukio hilo katika hadithi, kisha isome tena. Ukiondoa kufukuzwa kwa Dribidu, ukasema alivuka mto akifuata mawindo, babu wa ukoo anabaki palepale. Ukiondoa dawa, huna kitu, unabaki na jitu lenye manyoya linalotangatanga upande wa pili wa mto. Jaribuni kipimo hicho kwenye maisha yenu wenyewe mkiwa peke yenu, na msishangae mkikuta kwamba tukio mlilolilia mwaka mzima linaondoka bila kuacha pengo.

Walimu wakuu, sina uwezo wa kuwarudishia watoto karatasi za PLE. Lakini za mock tunazo. Mtihani wa majaribio hufanywa muhula wa pili, husahihishwa, alama hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na karatasi hufungiwa kabatini mpaka panya wazimalize. Ombi langu ni kwamba mwaka huu, kabla ya Novemba, kila mtoto wa P.7 apewe karatasi yake na kipindi kimoja cha kuketi nayo. Asifanye masahihisho. Achague swali moja tu alilokosa, aandike ukurasa mmoja: alikuwa akifikiri nini, alianza wapi, na ni hatua ipi iliyompeleka pembeni. Zitakuwa insha fupi zenye Kiingereza kibovu, na zitamfundisha mwalimu mengi kuliko orodha ya ukutani.

Wazazi ambao hamkusoma, kazi hii mnaiweza pia nyumbani. Mwambieni mtoto awaeleze swali hilo kwa Kilugbara au Kikakwa, kuanzia mwanzo, nanyi msimkatize. Kuna mahali katikati ya maelezo atasita, atarudi nyuma, ataanza upya. Hapo pawekeeni alama kwa kalamu, hata kama hamjui kilichoandikwa, mje na karatasi hiyo shuleni Jumatatu.